Ndege ya Likoni, Ukuta wa Birmingham

Mtu wa Afrika Mashariki anayeishi Birmingham ajionyeshe vipi mtandaoni bila kuwa mtumwa wa macho ya watu? Swali hili nimelikabidhi kwa sauti nne. Sauti zenyewe nimezitunga, lakini hoja zao sikuzitunga: ndizo zinazosikika Small Heath, Handsworth na Erdington, kwenye arusi, kwenye misiba, na kwenye vikao vya kuchangiana. BIBI alizaliwa Mombasa, akaja Uingereza zamani kumfuata mumewe. MHUDUMU ni mwanamke wa Morogoro anayefanya shifti za usiku katika nyumba ya kulelea wazee. KIJANA amezaliwa na Wakenya, amekulia hapa, na hutengeneza video fupi. MWALIMU ni Mkongo wa Bukavu aliyefundisha historia kabla vita havijamleta huku. Nami nitaingilia panapobidi, wala sitajifanya sina upande.

KIJANA: Naanza mimi, maana ndimi mshtakiwa. Watu husema, "Kuwa wewe mwenyewe mtandaoni, usitafute sifa." Huyo "wewe mwenyewe" ni yupi? Nikiwa na Bibi natulia. Nikiwa na wenzangu pale kwenye maduka ya Bullring napiga kelele. Kazini ni mpole. Wote hao ni mimi. Napiga picha mbele ya jengo la duka la Selfridges, lile lenye visahani 15,000 vya alumini ukutani, kwa sababu linapendeza na kwa sababu ni la mji wangu. Watu wakilaiki nafurahi. Hata kwenye arusi anayevaa kanzu mpya hutaka aambiwe imemkaa.

BIBI: Kosa hakuna, mjukuu wangu. Sisi tulipigwa picha kabla yako. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh. Mtu alikwenda pale amevaa, amejipaka wanja, akaketishwa kama nyota wa filamu za Kihindi, taa ikamulikwa upande mmoja wa uso. Kisha miaka ya tisini, kule Likoni kwenye feri, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye vitambaa vilivyochorwa ndege, meli na maghorofa. Mtu hajawahi kufika hata Malindi, na hapo anapigwa picha yuko safarini. Nani alimwita mwongo?

MHUDUMU: Hakuna, Bibi. Kila mtu alijua kile ni kitambaa.

Hapa nasimama, kwa sababu naona Mhudumu ameshika kiini cha mambo mapema kuliko nilivyotarajia. Kule Likoni mpigwa picha alijua, mpiga picha alijua, na shangazi aliyetumiwa picha ile Voi au Kilifi alijua pia. Ndoto ilisema wazi kwamba ni ndoto, na watu wakaifurahia hivyo. Picha ya simu mbele ya Selfridges haina mikunjo ya kitambaa. Ukuta ni wa kweli, koti ni la kweli, hata tabasamu huenda ni la kweli. Kila kipande kikiulizwa kitajibu kweli, na bado anayeitazama kutoka Morogoro anaweza kuondoka na habari ya uongo kuhusu maisha ya aliyepigwa.

MWALIMU: Mji huu nao ulikuwa na Likoni yake. Katika Moseley Road, mtaa wa Balsall Heath, kulikuwa na studio ya Ernest Dyche na mwanawe Malcolm. Mwanzoni wateja wao walikuwa wasanii wa majukwaani. Miaka ya 1950 na 1960 wakaja wahamiaji: wa Karibi, wa Bara Hindi, wa Afrika. Mtu aliyeshinda kiwandani wiki nzima alivaa suti, akahakikisha saa ya mkononi inaonekana, akapigwa picha ya kutuma kwao. Hifadhi ya studio hiyo leo iko Maktaba ya Birmingham. Katika picha zile huoni chumba walimolala watu wengi, wala mlango wa mwenye nyumba aliyekataa kupangisha weusi. Stuart Hall, Mjamaika aliyeongoza kituo cha masomo ya utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham hadi mwaka 1979, aliandika juu ya picha za namna hiyo mwaka 1984 katika jarida la Ten.8, lililochapishwa mji huuhuu. Hakuziita uongo. Alitaka zisomwe pamoja na historia iliyobaki nje ya fremu.

KIJANA: Basi Hall yuko upande wangu.

MWALIMU: Nusu yake. Ile suti ilikuwa jibu. Magazeti yalimwonyesha mhamiaji kama tatizo lililoshuka melini na masanduku yake. Yeye akajibu kwa kukaa wima mbele ya kamera ya Dyche. Lakini tazama ilikokwenda picha yake. Ilikwenda kwa mama yake, kwa jina, kwa anwani. Aliyeipokea alimjua tangu anatambaa, na barua zilizofuata zilisema yale ambayo suti haikusema. Wewe picha yako unamtumia nani?

MHUDUMU: Niacheni nimjibie, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa waliozipokea. Februari 2022 serikali ya Uingereza iliwafungulia watu wa kazi yangu viza ya wahudumu wa afya. Baada ya hapo stetasi za WhatsApp zikajaa: koti refu, begi la magurudumu pale kituo cha New Street, mifereji ya Brindleyplace, theluji ya kwanza. Sikuona hata picha moja ya mtu akisubiri basi saa kumi alfajiri. Nilizipokea zile picha kama ushahidi. Baba akauza kiwanja, fedha akapewa wakala. Kumbe sheria ya huku ya mwaka 1973 inamkataza wakala wa kazi kumtoza mtu fedha ili amtafutie kazi. Hilo halikuwa kwenye stetasi ya yeyote.

KIJANA: Lakini dada, aliyekutoza fedha ni wakala. Aliyeposti koti hakukutoza.

MHUDUMU: Wakala hakuwa na haja ya kunishawishi, mdogo wangu. Kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa na watu ninaowafahamu, bure, bila wao kujua. Nilipofika, saa za kazi nilizoahidiwa hazikuwepo. Wala sikuwa peke yangu: kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya leseni hizo. Leseni ikifutwa, mtu hupewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine, la sivyo aondoke. Sasa mfikirie mtu aliye katika siku ya arobaini. Amesimama Bullring kando ya yule fahali wa shaba, anatabasamu. Picha inapanda. Nyumbani watu mia mbili wanampongeza, na kati yao wapo watatu wanaopiga hesabu ya kuuza shamba.

Tarakimu hizi ni nzito, na ningependa zikae kichwani mwa msomaji kabla Bibi hajajibu, kwa sababu jibu lake nalo ni zito. Tunapojadili picha mtandaoni mara nyingi tunaongelea moyo wa anayeposti: je, anajiamini, anajipenda, anahitaji makofi? Hayo ni mambo yake na Mungu wake. Mimi linaniuma zaidi jambo jingine: picha ya mhamiaji ni ushuhuda, na kuna watu wanaoutumia kufanya maamuzi ya kiwanja, ng'ombe na ada ya mtoto.

BIBI: Mwanangu, ulitaka huyo wa siku ya arobaini afanye nini? Ajivue nguo barabarani? Ana mama mwenye presha kule. Akitangaza kwamba amebakiwa na siku ishirini, mama huyo atapata usingizi? Sisi tumelelewa kujisitiri. Mtu huonyesha ukumbi, haonyeshi choo. Na dini imetuonya kotekote. Surat al-Maun inawalaumu wanaosali ili waonekane, lakini pia tumeamrishwa tusitiri aibu zetu na za wenzetu. Nawaona siku hizi wanaolia mbele ya simu. Simu ameiweka mwenyewe, ameisimamisha vizuri, ndipo akaanza kulia. Huko nako ni kujionyesha.

KIJANA: Hapo Bibi amenigusa. Mgomo usio na kikomo wa wazoa taka ulipoanza tarehe 11 Machi 2025, mifuko ilirundikana Sparkhill na Small Heath, na mwisho wa mwezi halmashauri ikatangaza hali ya dharura. Nikapiga video. Kenya watu wakaipokea kwa shangwe: kumbe majuu nako! Maoni yakapanda kuliko nilivyowahi kupata. Kesho yake nikajikuta nazunguka mitaani natafuta rundo kubwa zaidi. Taka zilikuwa za kweli. Shida yangu ilikuwa mimi, sikuwa natafuta ukweli tena, nilikuwa natafuta kiki. Kwa hiyo mtu akiniambia nionyeshe upande mbaya ili niwe mkweli, najua kwamba hata upande mbaya unauzika.

MWALIMU: Wafaransa wawili walijaribu kulitatua kwa mashine. Mwaka 2020 walianzisha programu ya BeReal: simu inakuamsha saa yoyote, una dakika mbili, kamera ya mbele na ya nyuma zinapiga kwa pamoja. Mwaka 2022 vijana wengi wa nchi hii walikuwa nayo. Wakajifunza kuchelewa hadi wafike mahali pazuri ndipo wapige. Mwaka 2024 ikauzwa. Ukweli hauji kwa kengele.

Sina la kuongeza kuhusu programu hiyo. Ila Mwalimu ana jambo jingine ambalo nimemwomba alieleze kwa kirefu, kwa sababu linaelekea kumtetea Kijana na halimalizi hivyo.

MWALIMU: Mkanada mmoja, Erving Goffman, mwanasosiolojia, aliishi katika visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti karibu na mwaka 1950. Alitazama maisha ya watu wa kisiwani na watumishi wa hoteli, na kitabu chake kikatoka Edinburgh mwaka 1956. Aliona kwamba watumishi wakiwa jikoni walisema, walikaa na walicheka kwa namna moja, na wakivuka mlango kuingia kwenye chumba cha wageni wakabadilika. Hawakuwa wanafiki. Kila ukumbi una adabu zake. Kwa hiyo Kijana yuko sawa kusema ana nafsi kadhaa na zote ni zake. Lakini ile hoteli ilikuwa na mlango. Mtandaoni mlango umeng'olewa. Shangazi, bosi, mpenzi wa zamani, mdogo wako anayetafuta viza, wote wamekaa ukumbi mmoja na wanatazama sahani ileile. Ukijaribu kuwapendeza wote kwa pamoja, unabaki na picha moja tu inayowezekana: wewe umesimama, umependeza, huna shida.

KIJANA: Na wote wanapiga kura.

MWALIMU: Ndiyo. Tarehe 9 Februari 2009 Facebook iliweka kitufe cha laiki. Kabla ya hapo mtu aliyependa picha yako alilazimika kukuandikia neno, na neno lina mwenyewe. Kitufe kikaleta namba, na namba haina mtu. Justin Rosenstein, mmoja wa waliokitengeneza, baadaye alijitokeza hadharani kukosoa kilichotokea. Instagram walijaribu kuificha namba kuanzia Kanada mwaka 2019. Mei 2021 wakaishia kumpa kila mtumiaji hiari ya kuificha. Asiyegusa kitu anaendelea kuiona.

MHUDUMU: Mimi niliificha.

KIJANA: Ukajisikiaje?

MHUDUMU: Wiki ya kwanza niliona kama nimeposti shimoni. Baadaye nikaanza kusoma majina ya walioandika. Kulikuwa na dada mmoja tuliyesoma naye sekondari aliyekuwa akiniandikia kila mara, na sikuwahi kumwona kwa sababu nilikuwa natazama namba.

Maneno ya Mhudumu yananikumbusha kitambaa kingine, cha mjini humu. Mwaka 1979, Grove Lane, Handsworth, wapiga picha watatu, Derek Bishton, Brian Homer na John Reardon, walitundika kitambaa cheupe nje, kando ya njia. Wakasimamisha kamera, kisha wakampa mpita njia waya mrefu wa kufyatulia. Wao walikaa pembeni. Aliyekuwa mbele ya kitambaa ndiye aliyeamua asimame vipi na abonyeze lini. Zaidi ya watu 500 walijipiga picha kwa namna hiyo, peke yao, wawili wawili, na familia zao. Wakati huo Handsworth ilikuwa ikiandikwa magazetini kama mtaa wa fujo na wa kuogopwa. Kitambaa kile hakikuwa na ndege. Hakikuwa na chochote, na kwa hiyo uzito wote ukamwangukia mtu. Wapo walioweka mikao, wapo waliocheka, wapo waliokaza macho. Sioni sababu ya kusema aliyeweka mkao hakuwa yeye. Alijua anavyotaka kuonekana, akajionyesha hivyo, na kidole kilichobonyeza kilikuwa chake.

Kwangu hili ndilo jibu la sehemu ya kwanza ya swali. Kujipamba hakumwondoi mtu katika ukweli wake. Kupenda kupendwa hakumwondoi pia, maana hatujaumbwa mawe. Kinachomwondoa ni kukabidhi waya wa kufyatulia kwa umati: unapiga, unasubiri, umati unajibu kwa namba, na kesho unasimama kwa mkao ambao namba imeuchagua. Ukiendelea hivyo miaka mitano unakuwa umelelewa na watu usiowajua. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa naona vijana wetu wenye vipaji mjini humu wakipiga picha zilezile tano, mbele ya kuta zilezile.

KIJANA: Mwandishi, nikupinge kidogo. Wale wa 1979 hawakuwa wakitafuta riziki pale Grove Lane. Mimi napata kazi za kupiga video za arusi kupitia wafuasi. Mama fulani wa Alum Rock anauza biriani na sambusa kwa picha tu. Ukituambia tusitazame namba, tutajuaje soko liko wapi?

Nakubali, na silipunguzi. Anayeuza biriani ahesabu laiki kama muuza duka anavyohesabu mauzo, na akizipata ashukuru. Biriani ni bidhaa. Ninachomwomba Kijana ni kwamba uso wake usiingie kwenye daftari hilohilo.

MHUDUMU: Turudi kwa watu wanaouza mashamba, maana naona tunawasahau. Aprili 2025 serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa mhudumu mwenye udhamini hadi pauni 25,000 kwa mwaka. Badilisha kuwa shilingi za Tanzania: takribani milioni 80. Nikiandika hivyo kwenye stetasi sijasema uongo. Lakini sijasema kodi ya chumba, sijasema kodi ya halmashauri, nauli, gesi ya baridi, wala deni la kiwanja cha baba. Hiyo namba ya kweli ni ndege ya Likoni, na kitambaa hakionekani.

BIBI: Ziseme basi hizo zote.

MHUDUMU: Nikizisema naambiwa nawabania wenzangu. Tangu tarehe 22 Julai 2025 mwajiri wa huku haruhusiwi tena kuchukua mhudumu mpya kutoka nje ya nchi. Hata wale waliokuwa wakija tangu Machi 2024 walikuwa hawaruhusiwi kuleta mume au watoto. Na mdogo wangu wa kiume bado ananiambia yupo mtu amemhakikishia nafasi. Namweleza njia imefungwa. Anajibu, "Dada, wewe umefika, sasa unafunga mlango." Halafu ananirudishia picha zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, yale makoti, ile theluji. Ananiuliza, "Huyu anayecheka hapa ni nani?"

KIJANA: Ungemwambia ukweli tangu siku ya kwanza asingekuita mchoyo. Ukweli ukichelewa unaonekana wivu.

BIBI: Mpigie simu. Mambo ya ndugu yasemwe kwa ndugu. Kwa nini ulimwengu mzima ujue?

MHUDUMU: Nimempigia, Bibi. Nimemwambia anipigie kwa video nikiwa mapumzikoni saa tisa za usiku, ambazo kwake ni alfajiri, aione korido, aone na basi la kurudia. Hataniita mwongo akiona. Lakini yeye ni mmoja. Zile picha ziliangaliwa na watu ambao siwezi kuwapigia wote.

MWALIMU: Kwa hiyo utazifuta?

MHUDUMU: Sifuti. Siku ile nilifurahi kweli kuona theluji, na furaha hiyo ni yangu. Nitaandika chini ya picha: nilimlipa wakala kiasi hiki, nilipofika nilipata saa hizi, viza hii ilifungwa tarehe hii, anayekuomba fedha kwa ajili yake leo anakuibia. Halafu naficha namba ya laiki.

KIJANA: Na sehemu ya maoni?

MHUDUMU: Ya maoni naiacha wazi. Kuna watu watauliza, na nataka niwajibu.

BIBI: Na mama yako?

MHUDUMU: Mama nimemweleza yote kabla. Alilia, kisha akaniuliza kama nakula.

BIBI: Basi andika. Lakini ule mwaka wako wa kwanza, zile siku ulizokuja kukaa kwangu, usiziandike.

MHUDUMU: Hizo siandiki, Bibi.